Mashine Kuukuu za Boti: Koili Ikifa, Nani Alipe?

Katika ukurasa huu wa Nchi za Jirani tumezoea kusoma habari za reli, bandari, viwanda vya nguo na mashamba ya chai, na ni haki yake, kwani huko ndiko vyama vingi vilikozaliwa. Safari hii tumeona vema tulete habari za watu ambao hawamo katika orodha ya mwajiri yeyote: mafundi wa mashine za boti, pamoja na wavuvi wanaozitegemea, upande huu wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac. Wenzetu wa Kigoma, Uvira na Kalemie wataona kwamba habari ni moja, majina tu ndiyo yanayotofautiana. Ninyi mnasema dagaa, sisi twasema ndagala. Mgebuka wenu kwetu ni mukeke, na plagi yenu kwetu ni buji. Lakini ziwa ni la nchi nne, na mashine ikizima usiku katikati ya maji hofu ni ile ile kwa watu wa nchi zote nne.

Mashine tunazozisema ni zile zinazofungwa nyuma ya mtumbwi, kichwa juu, mguu mrefu katikati, na propela chini majini. Nyingi si changa. Ziko Yamaha za kuchanganya oili na petroli, ambazo mafundi huziita tustroki, zilizokwisha badilishwa pistoni mara tatu au nne na bado zinakwenda. Na katika nyua za mafundi wa Buyenzi, mtaa wetu wa Waswahili na magereji, bado utakuta Johnson na Evinrude za miaka ya 1960 na 1970, nyingine zikingoja vipuri, nyingine zikiwa zimegeuzwa kuwa vipuri vya wenziwe.

Huko Marekani wapo watu waliounda chama cha wapenda mashine kuukuu za boti tangu mwaka 1965. Wanazikusanya, wanazipaka rangi yake ya asili, wanazishusha ziwani siku ya mapumziko na kusikilizana milio. Hatuwacheki. Vitabu vya zamani vya maelekezo walivyovihifadhi vimewasaidia mafundi wengi ambao hawatawaona maisha yao yote. Ila yafaa ieleweke kwamba mashine ya mwaka 1965 kwao ni pumbao la mstaafu, na kwetu ni chakula cha nyumba tano au sita. Yeye ikimshinda ataifunika turubai mpaka wiki ijayo. Mvuvi wetu akishindwa, usiku ule hakuna mboga wala senti.

Mashine hizi zilianzia katika mikono ya mfanyakazi. Ole Evinrude alikuwa mhamiaji kutoka Norway, fundi wa kuchonga mifano ya kusubia chuma, na ndiye aliyeanza kuuza mashine zake mjini Milwaukee mwaka 1909. Ile ya kwanza ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu na uzito wa kilo 28 hivi. Baadaye jina lake na jina la Johnson yaliingia chini ya kampuni moja, Outboard Marine Corporation, yenye makao Waukegan katika jimbo la Illinois. Kampuni hiyo ilitangaza kufilisika tarehe 22 Desemba 2000, na wafanyakazi wapatao 7,000 wakajikuta hawana kazi siku tatu kabla ya Krismasi. Majina ya mashine yalinunuliwa na Bombardier ya Kanada mwaka 2001, na mwaka 2020 utengenezaji wa Evinrude ukasimamishwa kabisa. Tunaieleza habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, wale 7,000 ni ndugu zetu, ingawa hatukuwajua. Pili, mashine ambayo kiwanda chake kimefungwa haina tena mtu wa kuidai kipuri ila fundi wa mtaani, na gharama ya kuiweka hai inazidi kumhamia yeye na mvuvi. Yamaha, ambayo ilitoa mashine yake ya kwanza ya boti mwaka 1960, ingalipo sokoni, na vipuri vyake vinapatikana, vya kweli na vya bandia.

Kwa habari ya kufufua mashine, ziwa letu lenyewe lina mfano mkubwa. Wakubwa kwa wadogo wanaijua Liemba ya Kigoma. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kuitwa Graf von Goetzen. Mwezi Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wakikimbia waliizamisha kwa makusudi. Lakini mafundi waliopewa kazi ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nzito kwanza. Ilikaa chini ya maji hadi 1924 ilipoinuliwa, injini na matanuri ya mvuke yakaonekana bado yanafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mkubwa alisema izame, fundi akaona haya kuua injini nzima. Tunaposema fundi ana heshima yake katika kazi tuna maana ya jambo kama hilo.

Mafundi wetu wanalijua somo lile lile kwa kipimo kidogo. Mashine ikikatika kamba ikazama, watu wengi huitoa, huilaza juani ikauke, kisha huenda kumtafuta fundi kesho yake. Hapo ndipo inapokufa. Adui wa chuma kilichozama si maji matamu peke yake, ni hewa inayoingia baada ya maji. Kama fundi yuko mbali, ni heri mashine ikae ndani ya pipa la maji safi mpaka afike. Akifika kazi ianze na iishe siku ile ile: toa plagi, ielekeze mashine ili matundu ya plagi yatazame chini, vuta kamba polepole maji yatoke, suuza kwa maji safi, mimina spiriti, kisha petroli yenye oili nyingi, zungusha tena na tena. Fungua flaiwili, kausha koili na pointi. Safisha kabureta. Rudisha, washa, iache ingurume ndani ya pipa mpaka ipate moto sawasawa. Na kama ilikuwa inakwenda wakati wa kuzama, usivute kamba kwa hasira. Maji hayagandamiziki kama hewa, na pengine koneksheni imekwisha pinda. Ukivuta ukahisi inagoma mahali pamoja, fungua kichwa kwanza.

Fundi mzuri wa mashine hizi hana siri kubwa. Anauliza mambo matatu kwa zamu: kuna moto kwenye plagi? kuna mafuta yanayofika? kuna mgandamizo? Moto anautazama kwa macho, plagi ikiwa imegusa chuma, mahali penye giza. Mafuta anayafuata kutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta, hatua kwa hatua. Mgandamizo anaupima kwa geji akiwa nayo, na akiwa hana anaziba tundu kwa kidole gumba na kuvuta kamba, ingawa kidole hakiwezi kumwambia kama silinda mbili zinalingana. Ikiwa moja imepungua sana kuliko mwenzake, ringi zimekwisha au silinda imekwaruzwa, na hapo hakuna kupaka rangi wala kubembeleza.

Ugonjwa tunaotaka kuueleza kwa urefu ni wa koili, kwa sababu ndio uliotufanya tuandike makala haya. Katika Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 na baadaye kidogo, koili zilizo chini ya flaiwili zilifunikwa kwa vitu ambavyo kwa uzee hupasuka nyufa. Mashine ikiwa baridi inawaka mvuto wa kwanza. Inapopata moto ufa unafunguka, cheche badala ya kwenda kwenye plagi inavuja na kuruka kwenye chuma, na mashine inazima. Ikipoa inawaka tena. Kwa hiyo mwenye boti anayeijaribu ufukweni kwa dakika tano anaona haina neno, na mvuvi anayelalamika anaitwa mvivu. Dawa ya kwanza ni kuijaribu ndani ya pipa kwa muda wa saa nzima, ikiwezekana usiku, ambapo cheche inayovuja huonekana kwa macho. Dawa ya pili ni koili mpya, na wakati huo huo kusafisha pointi na kuzipima kwa fila geji. Kwa nyingi za mashine hizo nafasi ni inchi 0.020, yaani nusu milimita.

Wenzetu wanne wa mwalo mmoja upande wa kusini walikuwa na mashine ya namna hii. Nahodha alimwambia mwenye boti mara mbili kwamba inazima ikipata moto. Mara zote mbili ikajaribiwa ufukweni, ikawaka, wakaambiwa waende. Ilikuwa kiangazi, majira ya upepo wa kusini. Usiku wa tatu ilizima wakiwa mbali na haikuwaka tena, hata ilipopoa. Makasia yalikuwa mawili, moja likavunjika. Walikokotwa na upepo na mawimbi usiku ule, mchana uliofuata, na usiku mwingine, wakaokolewa na wavuvi wa Kongo karibu na rasi ya Ubwari. Walirudi wote wanne, Mungu ashukuriwe. Waliporudi, mwenye boti alinunua koili. Bei ya koili ile akaiandika katika matumizi ya boti, pamoja na petroli na taa, kabla ya kugawa. Maana yake watu waliopotea ziwani siku mbili walisaidia kulipa koili waliyokuwa wakiiomba tangu mwanzo.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Wasomaji wanaofanya kazi ya mshahara huenda hawajui hesabu za ziwani, basi tuzieleze. Mvuvi hana mshahara, ana fungu. Mauzo ya usiku yakipatikana, kwanza hutolewa matumizi, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye boti na wavuvi, mahali pengi nusu kwa nusu. Tuchukue mfano mwepesi. Mauzo ni 100. Petroli na taa 40. Zimebaki 60, mwenye boti 30, wavuvi watano 30, kila mmoja 6. Siku koili inaponunuliwa kwa 20 na kuandikwa katika matumizi, zinabaki 40. Mwenye boti 20, wavuvi 20, kila mmoja 4. Kwa hiyo wavuvi wametoa 10, nusu ya koili. Lakini koili ni ya nani? Mwenye boti akiiuza mashine kesho, je, atawaita wale watano awape nusu ya koili yao? Hatujapata kuliona hilo.

Kuna mialo mingine ambako mashine yenyewe ina fungu lake mbali na fungu la boti na la nyavu, na fungu hilo huchukuliwa na mwenye mashine. Mzee mmoja wa Rumonge, mvuvi tangu ujana wake, alilimaliza jambo hili mbele ya mabwana kwa maneno machache: kama mashine inakula kama mtu, na ijitibu kama mtu. Walicheka, lakini hakuna aliyemjibu.

Si haki hata hivyo kuandika upande mmoja. Wenye boti nao wana malalamiko yao, na tuliyasikiliza kwa siku mbili. Wanasema wavuvi huwasha mashine pakavu, huipitisha mchangani, huiba oili, na mbaya kuliko yote huweka msumari. Katika hayo wana ukweli mwingi, na chama kikificha makosa ya wanachama wake hakitasikilizwa kikidai haki zao.

Tueleze msumari. Katika mashine nyingi za zamani propela haikufungwa moja kwa moja kwenye shafti yake. Imeshikwa na pini ndogo ya chuma laini iliyowekwa hapo makusudi ili ikatike. Propela ikigonga jiwe au gogo, pini inakatika, propela inasimama, gia zinapona. Pini ni kitu cha bei ndogo sana. Sasa zikiisha pini, mvuvi anakata msumari au kipande cha nondo na kukipachika. Boti inakwenda, kila mtu anamsifu. Siku inapogonga jiwe, msumari haukatiki, zinakatika meno ya gia, na hapo mashine nzima imelala. Shauri letu ni kwamba kila boti iwe na pini sita za akiba ndani ya mfuko, na koleo na pini za kupasua zilizofungwa pamoja nazo, na mfuko huo ufungwe kwenye mashine yenyewe. Boti isiyo na mfuko isitoke. Hili tulikubaliana na mabwana kwa dakika kumi.

Kuwasha pakavu ni jambo la pili. Mashine hizi zinapozwa kwa maji ya ziwa yanayovutwa na pampu iliyo mguuni, na ndani ya pampu kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa. Maji ndiyo yanayoulainisha mpira ule. Ukiwasha nchi kavu ili kumwonyesha mteja kwamba mashine ni nzima, mabawa yanaungua kwa sekunde chache. Baadaye ukiwa ziwani utaona ule mkojo wa maji nyuma ya mashine umekuwa mwembamba, au haupo kabisa. Mashine isiyokojoa izimwe pale pale. Mtu akiendelea kwa sababu anataka kuwahi soko, atafika sokoni na pistoni iliyoganda. Tumeona mafundi wakichonga kigurudumu kutoka katika mpira wa tairi. Ufundi wao tunausifu, ila tairi ni gumu, halikunjiki kama inavyotakiwa, na lifae kumfikisha mtu nyumbani tu. Kigurudumu cha kweli kibadilishwe kila mwaka, na mapema zaidi kwa boti zinazolala penye mchanga.

Sasa oili. Katika tustroki hakuna oili iliyo katika tumbo la mashine kama ilivyo katika gari. Kila beringi, kila ringi, inapata oili ile tu iliyochanganywa na petroli. Petroli bila oili ni sumu. Kwa mashine za kipimo cha 50 kwa 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400 za oili. Kwa zile za zamani za 25 kwa 1 linataka mililita 800. Ziko Seagull za Waingereza, zile za zamani kabisa, zilizotaka 10 kwa 1, maana yake lita mbili nzima katika dumu, na moshi wake ulionekana kabla ya boti yenyewe. Mtu asikisie kwa kifuniko cha chupa. Asome kibao cha mashine au amwulize fundi, na apime kwa chupa yenye alama. Vile vile oili ya pikipiki za mizunguko minne haifai, hata muuzaji akiapa. Itafutwe oili ya tustroki za boti, yenye alama ya TC-W3. Oili ya mguuni, kwenye gia, ni nyingine. Ukifungua skrubu ya chini ikatoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, sili imekwisha, na safari zisimame mpaka ibadilishwe.

Kwetu Burundi shida ya petroli imeongeza ugonjwa. Tangu mwaka 2022 hivi tumepita vipindi virefu vya vituo kukauka, na petroli ikawa inanunuliwa kwa madumu, ikiwa imepita mikono mingi na wakati mwingine ikiwa na maji ndani. Jaribio lake ni rahisi. Mimina kidogo katika chupa ya kioo iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatashuka chini na utaona mstari. Hata ukiona safi, chuja kwa kitambaa kizito, wala usimimine tone la mwisho la dumu.

Na hapa lazima tuseme jambo ambalo wapenzi wa tustroki hawapendi kulisikia. Mashine hizi za kabureta hutupa karibu robo ya petroli yake bila kuiunguza, inatoka na moshi na kuingia ziwani. Ziwa hili ndilo tunalokunywa. Mashine mpya za mizunguko minne hazili hivyo, na nchi ikiwa haina petroli robo si jambo dogo. Kwa hiyo hatuzitetei mashine kuukuu kwa sababu ni kuukuu. Tunazitengeneza kwa sababu ndizo zilizopo, ni nyepesi kubeba, zinafunguliwa kwa spana tano, na bei ya mpya haimo katika uwezo wa mvuvi wala wa wenye boti wengi. Siku itakapopatikana mikopo ya kweli kwa vyama vya ushirika, sisi tutakuwa wa kwanza kuzisindikiza chakavu kwa heshima.

Mafundi wenyewe wana jambo lao. Desturi ya mialoni ni kwamba fundi hulipwa mashine ikiwaka. Akikaa siku nzima akafungua, akapima, akagundua kwamba silinda imekwisha na haifai kutengenezwa, hapewi kitu, kwa kuwa haikuwaka. Desturi hii inamfundisha fundi uongo. Badala ya kusema mashine imekufa, ataichokonoa mpaka iwake kwa dakika kumi, achukue pesa yake, na wavuvi ndio watakaogundua ukweli usiku. Tunadai malipo ya uchunguzi yatengwe na malipo ya matengenezo, yawe madogo lakini yalipwe hata jibu likiwa baya. Tunadai pia vijana wanaojifunza wapewe posho ya chakula. Wanakaa miaka miwili mitatu wakiosha vipuri, na wengi hawapewi hata hiyo.

Kuosha vipuri kunatukumbusha mikono yao. Karibu kila fundi tuliyemtembelea anaosha mikono kwa petroli, na wengine huvuta petroli kwa mdomo kupitia mpira. Ndani ya petroli mna benzini, na imethibitika kwamba benzini huleta kansa ya damu. Kwa kuoshea vipuri dizeli ina nafuu, na mikono ioshwe kwa sabuni na majivu au mchanga laini. Gasketi za mashine za zamani huenda zina asbesto. Zisikwanguliwe kavu, ziloweshwe kwanza, na vumbi lisipulizwe. Mashine isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake huua bila harufu ya kumtahadharisha mtu. Na flaiwili isigongwe kwa nyundo kichwani mwa shafti. Hilo la mwisho si la afya ya mtu, ni la afya ya mashine, lakini tumeliona mara nyingi mno hata hatuwezi kulinyamazia.

Kwa sababu hiyo ya flaiwili, jambo la kwanza tulilochangishia lilikuwa kisanduku cha zana cha pamoja: kivutio cha flaiwili, fila geji, geji ya mgandamizo, na spana ya kukazia kwa kipimo. Fundi mmoja hawezi kuvinunua vyote, mafundi kumi na wawili waliweza. Kisanduku kinalala kwa mweka hazina, anayekichukua anaandika jina na saa, na asiyekirudisha jioni anatozwa. Tumegombana juu yake mara tatu, jambo ambalo kwetu ni dalili kwamba kinatumika.

Swali lingine limetoka upande wenu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Miezi ya kufunga ndiyo miezi bora ya kufungua mashine mpaka chini, kubadilisha sili, kupima silinda na kukereza bushi. Lakini kazi hiyo huangukia mikononi mwa wavuvi wale wale, wakati hakuna mauzo na kwa hiyo hakuna fungu. Mvuvi anayekwangua kaboni katika mashine ya bwana mwezi Juni anafanya kazi ya kibarua, na alipwe kama kibarua, kwa siku. Tungependa kusikia kutoka kwa wenzetu wa Kigoma walilifanyaje.

Huku tumeanza na daftari. Kila mashine ina lake, lenye namba ya mashine juu ya jalada. Nahodha anaandika saa za kutoka na kurudi, kipimo cha oili, na kila kasoro aliyoiona, kwa maneno yake mwenyewe, hata yakiwa matatu tu: inazima ikipata moto. Fundi anaandika alichokuta na alichofanya. Ukurasa wa kwanza una mapatano. Pini, plagi, petroli na oili ni matumizi ya wote, hutolewa kabla ya kugawa. Koili, kigurudumu cha pampu, sili, ringi, pistoni na gia ni vya mwenye mashine, isipokuwa daftari likionyesha kwamba kimevunjika kwa uzembe, kama vile kuwekewa msumari. Kasoro iliyoandikwa mara mbili bila kutengenezwa inamruhusu nahodha asitoke, wala asihesabiwe kuwa ameacha kazi.

Hicho kifungu cha mwisho ndicho kigumu. Katika mwalo tulioanzia, wenye boti watatu wametia saini daftari zima. Wawili wamekubali yote ila hicho. Tumepanga kukutana nao tena mwezi utakapokuwa mpevu, wakati boti zimelala na watu wana nafasi ya kukaa.